Uandishi wa Ripoti Maalumu: Kugeuza Machimbo ya Mawe Kuwa Kituo cha Burudani cha Jamii

Katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili, swali la kwanza ni la lazima, na ripoti ni miongoni mwa tungo zinazoweza kutahiniwa hapo. Watahiniwa wengi huijua sura ya ripoti: kichwa, utangulizi, matokeo, mapendekezo na sahihi. Wanachokosa ni jambo la kusema ndani ya sura hiyo. Somo hili linashughulikia yote mawili kwa kutumia swali moja.

SWALI

Machimbo ya mawe yaliyo katika kata yenu yalifungwa miaka mitano iliyopita. Serikali ya kaunti imeamua kuyageuza yawe kituo cha burudani cha jamii. Wewe ni katibu wa kamati iliyoteuliwa kuchunguza namna bora ya kutekeleza mradi huo. Andika ripoti ya kamati. (Alama 20)

1. KULIELEWA SWALI

Kabla ya kuandika neno lolote, jiulize mambo manne.

• Utungo ni wa aina gani? Ni ripoti maalumu, kwa kuwa kamati imeteuliwa kuchunguza jambo moja mahususi.

• Nani anaandika? Katibu, kwa niaba ya kamati. Kwa hivyo utaandika “Kamati ilibaini kuwa...” wala si “Mimi niliona...”.

• Nani atasoma? Maafisa wa kaunti watakaotenga fedha. Hawa wanahitaji kuambiwa kitu gani kifanywe, wapi, lini na kwa sababu gani.

• Kiini cha swali ni nini? Ni “namna bora ya kutekeleza mradi”. Uamuzi wa kujenga kituo umekwisha kufanywa. Ukijaza kurasa mbili kwa kueleza jinsi burudani itakavyowaepusha vijana na dawa za kulevya, utakuwa umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Sasa tazama jinsi mtahiniwa wa wastani anavyoyaanza mapendekezo yake:

“Kamati inapendekeza kujengwe kidimbwi cha kuogelea, uwanja wa kisasa wa kandanda, ukumbi wa sinema na mkahawa.”

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Hata hivyo, inaweza kuandikwa kuhusu mahali popote. Machimbo ni shimo. Kuta zake zimesimama wima na huenda mawe yakaporomoka. Mvua inaponyesha, maji hutuama chini. Mara kwa mara tunasikia habari za kusikitisha za watoto waliozama katika machimbo yaliyoachwa wazi. Mtahiniwa huyu hajasema lolote kuhusu hatari hizo. Mtahini ataona kwamba msamiati upo lakini fikra hazipo.

Shika kanuni hii: chunguza ardhi kwanza, majengo baadaye. Ukifuata maswali manne yafuatayo kwa mpangilio huu, hutapungukiwa na hoja.

(a) Ardhi yenyewe ikoje?
(b) Maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi?
(c) Watu tayari wanafanya nini mahali hapo, na wanahitaji nini?
(d) Nani atakitunza kituo baada ya kuzinduliwa, na kwa fedha zipi?

2. MIFANO HALISI YA KUKUPA HOJA

Mifano hii ni ya kweli. Isome ili uelewe jinsi wataalamu walivyojibu maswali manne uliyopewa hapo juu.

Haller Park, Mombasa

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka wa 1954. Malighafi yake ilikuwa mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale, na mawe hayo yalichimbwa karibu na kiwanda. Baada ya miaka kadhaa palibaki jangwa jeupe: hapakuwa na udongo wala kivuli, na maji yaliyokuwa chini ya mwamba yalikuwa na chumvi.

Mwaka wa 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kazi ya kuirudishia ardhi hiyo uhai. Aina 26 za miti zilijaribiwa. Ni aina tatu tu zilizostahimili, mojawapo ikiwa mvinje. Mti huu huvumilia chumvi, na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaoupatia naitrojeni kutoka hewani. Lakini tatizo jingine likazuka: majani yake membamba yalidondoka na kurundikana bila kuoza. Haller akaleta majongoo. Majongoo waliyatafuna majani hayo, na kinyesi chao kikasaidia kutengeneza mboji ambamo mimea mingine iliweza kuota. Baadaye pakawa na mabwawa, samaki na wanyama. Umma ulifunguliwa njia za kutembelea eneo hilo mwaka wa 1984, na mwaka wa 1999 likapewa jina la Haller Park.

Hesabu miaka: kutoka 1971 hadi 1984 ni miaka 13. Kazi ilianza na mche, wala haikuanza na lango la kuwatoza watu kiingilio.

Owino Uhuru, Mombasa

Si kila ardhi ya viwanda huonyesha madhara yake kwa macho. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha madini ya risasi katika udongo na miilini mwa wakazi. Risasi hudhuru ubongo, hasa wa watoto, na udongo wenye risasi unaweza kuonekana kama udongo mwingine wowote. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi hiyo ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Funzo ni hili: kabla ya kuweka bembea za watoto, peleka sampuli za udongo kwenye maabara.

Duisburg, Ujerumani

Kiwanda cha chuma kilichojengwa mwaka wa 1901 kilifungwa mwaka wa 1985. Msanifu wa mandhari Peter Latz hakukibomoa chote. Kuta nene za maghala ya mawe ya chuma zikawa mahali pa kujifunza kukwea. Tangi kubwa la gesi likajazwa maji, likawa mahali pa mafunzo ya kupiga mbizi. Sehemu ya takataka zenye sumu ilifungiwa ndani ya maghala ya zamani ili isiwafikie watu. Maji machafu yalipitishwa katika bomba chini ya ardhi, na maji safi ya mvua yakaachiwa mkondo wa juu. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1994.

São Paulo, Brazili

Mwaka wa 1977 msanifu majengo Lina Bo Bardi alipewa kazi ya kugeuza kiwanda cha zamani cha mapipa kuwa kituo cha burudani. Alipokizuru aliwakuta watu wamekwisha kukifanya chao: watoto walikuwa wakikimbia, vijana wakicheza mpira na kina mama wakiandaa chakula. Akaamua kuyahifadhi majengo ya kiwanda na kuiendeleza furaha aliyoikuta. Palipokuwa na mkondo wa maji chini ya ardhi, ambapo hapangeweza kujengwa jengo, aliacha njia ndefu ya wazi. Viwanja vya michezo aliviweka katika mnara ulio upande mmoja, na akauunganisha na mnara wa pili kwa madaraja yanayopita juu ya njia hiyo. Kituo hicho kinaitwa SESC Pompéia.

Tahadhari: Usiigeuze ripoti kuwa historia ya Haller Park. Mfano mmoja wa kweli, katika sentensi moja au mbili, unatosha kuipa hoja yako nguvu.

3. MUUNDO WA RIPOTI MAALUMU

Ripoti yako iwe na sehemu zifuatazo.

(i) Kichwa: kitaje ni ripoti ya nani na inahusu nini. Kiandikwe kwa herufi kubwa au kipigiwe mstari.
(ii) Utangulizi: nani aliiteua kamati, lini, na wanakamati ni akina nani.
(iii) Hadidu za rejea: majukumu ambayo kamati ilipewa.
(iv) Mbinu za utafiti: jinsi habari zilivyokusanywa.
(v) Matokeo: yale yaliyobainika.
(vi) Hitimisho: maoni ya jumla ya kamati.
(vii) Mapendekezo: yanayopaswa kufanywa.
(viii) Sahihi, jina na cheo cha mwandishi, pamoja na tarehe.

4. MFANO WA RIPOTI

Kata, vipimo na tarehe zilizo katika mfano huu ni za kubuni. Katika mtihani unaruhusiwa kubuni vitu kama hivyo ilmradi viaminike na visipingane.

RIPOTI YA KAMATI MAALUMU KUHUSU NAMNA YA KUGEUZA MACHIMBO YA MAWE YA KATA YA XYZ KUWA KITUO CHA BURUDANI CHA JAMII

Utangulizi

Kamati hii iliteuliwa na serikali ya kaunti tarehe 3 Februari na kutakiwa kuwasilisha ripoti katika muda wa miezi mitatu. Ilikuwa na wanakamati saba: mwenyekiti, katibu, mhandisi wa kaunti, afisa wa afya ya umma, mwakilishi wa vijana, mwakilishi wa watu wenye ulemavu na mwakilishi wa wafanyakazi wa zamani wa machimbo.

Hadidu za Rejea

1. Kuchunguza hali ya ardhi, kuta na maji katika machimbo.
2. Kubaini shughuli na mahitaji ya wakazi.
3. Kupendekeza mpangilio wa kituo na hatua za kazi.
4. Kupendekeza njia za kukitunza kituo.

Mbinu za Utafiti

Kamati iliyazuru machimbo mara tatu, mojawapo ikiwa siku iliyofuata mvua kubwa. Sampuli za udongo na maji zilipelekwa kwenye maabara. Aidha, kamati ilifanya mikutano miwili ya hadhara na kuwahoji wanafunzi, wafanyabiashara wa soko na wafanyakazi wa zamani wa machimbo.

Matokeo

(a) Hali ya ardhi: Upande wa mashariki sakafu ni mwamba imara. Upande wa magharibi umejazwa vifusi na takataka. Ukuta wa kaskazini una kimo cha mita 12 na mawe yake yamelegea. Udongo wa mahali malori yalipokuwa yakiegeshwa ulipatikana na mafuta ya dizeli.

(b) Hali ya maji: Pembe ya kusini ndiyo ya chini zaidi. Baada ya mvua maji hufikia kina cha mita mbili, na watoto huyaogelea kwa kuwa hakuna ua. Wafanyakazi wa zamani walieleza kwamba pampu iliyokuwa ikiyaondoa ilihamishwa machimbo yalipofungwa.

(c) Shughuli za wakazi: Vijana hucheza kandanda upande wa mashariki kila jioni. Kwaya za kata hufanyia mazoezi karibu na ukuta wa mashariki, ambao mhandisi aliuthibitisha kuwa imara, kwa sababu sauti husikika vizuri hapo. Wafanyabiashara hutumia njia ya machimboni kwenda sokoni na huogopa kupita alfajiri kwa ajili ya giza. Watu wanaotumia viti vya magurudumu hawawezi kushuka kamwe, kwani barabara ya malori imemomonyolewa na mvua.

(d) Maombi: Vijana wengi waliomba kidimbwi cha kuogelea. Kina mama waliomba mahali salama pa watoto kuchezea.

Hitimisho

Kamati inaamini kwamba machimbo yanaweza kuwa kituo cha burudani ikiwa kazi itafanywa kwa awamu. Haller Park ya Mombasa, ambayo pia ilikuwa machimbo, ilichukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kuupokea umma. Kuharakisha ujenzi kabla ya kuiponya ardhi kutahatarisha maisha ya wale wale wanaokusudiwa kufaidika.

Mapendekezo

1. Kabla ya mvua zijazo, ua ujengwe kuizunguka pembe ya kusini, mabango ya tahadhari yawekwe, na mawe yaliyolegea katika ukuta wa kaskazini yaangushwe na wataalamu.

2. Tathmini ya athari za mazingira ifanywe kwa mujibu wa masharti ya NEMA, na udongo wenye mafuta uondolewe kabla ya ujenzi wowote.

3. Pembe ya kusini ifanywe bwawa la kukinga maji ya mvua. Kingo zake ziwe na mteremko mdogo na zipandwe nyasi. Maji yake yamwagilie miti. Lisiwe bwawa la kuogelea.

4. Ombi la kidimbwi cha kuogelea liahirishwe hadi kaunti itakapoweza kulipia maji safi, dawa za kuyatibu na waokoaji wa kila siku.

5. Uwanja wa kandanda uwekwe upande wa mashariki, ambako tayari unatumika. Uwanja wa watoto uwe kando yake, mbali na bwawa.

6. Upande wa magharibi takataka ziondolewe na miti ipandwe. Jengo lolote lisijengwe hapo hadi vifusi vishindiliwe na kupimwa.

7. Jukwaa la wazi lijengwe karibu na ukuta wa mashariki kwa ajili ya kwaya, maigizo na mikutano.

8. Barabara ya malori ikarabatiwe iwe na mteremko wa taratibu unaofaa viti vya magurudumu, na taa ziwekwe njiani.

9. Kamati ya usimamizi iundwe na wakazi. Wakazi waingie bure, na fedha za matengenezo zitokane na mgao wa kaunti pamoja na ada ya kukodisha jukwaa. Wafanyakazi wa zamani wapewe nafasi ya kwanza katika ajira.

Ripoti imeandikwa na:
(Sahihi)
Jina: ........................
Katibu wa Kamati
Tarehe: 30 Aprili

5. MAONI KUHUSU MFANO

Linganisha mapendekezo na matokeo. Kila pendekezo lina mzizi wake. Taa zimependekezwa kwa sababu wafanyabiashara huogopa giza. Jukwaa limependekezwa kwa sababu kwaya zilikwisha kuugundua ukuta wenye sauti nzuri. Pendekezo lisilo na mzizi katika matokeo lifute, hata kama linapendeza.

Pili, tazama pendekezo la 4. Vijana waliomba kidimbwi, na kamati ikasema hapana, si sasa, ikatoa sababu. Watahiniwa wengi hudhani kuwasikiliza wananchi ni kukubali kila wanachoomba. Mwandishi wa ripoti anapaswa kupima ombi kwa kulilinganisha na hali ya ardhi na uwezo wa fedha. Kukataa kwa heshima na kwa sababu ni dalili ya fikra zilizokomaa.

Tatu, zingatia mpangilio wa mapendekezo. La kwanza ni lile linalookoa maisha. Linalohusu fedha na usimamizi ndilo la mwisho, lakini halikusahauliwa. Vituo vingi huharibika kwa kukosa mtunzaji baada ya sherehe za uzinduzi.

Nne, mfano huu ni mrefu kuliko maneno 400. Katika mtihani unaweza kuwa na mapendekezo matano au sita. Ukilazimika kupunguza, punguza idadi ya hoja, wala usiondoe sehemu nzima ya muundo.

6. LUGHA YA RIPOTI

• Tumia wakati uliopita katika mbinu: “Kamati iliwahoji...”.
• Tumia dhamira tegemezi katika mapendekezo: “ua ujengwe”, “miti ipandwe”, “jengo lisijengwe”.
• Zingatia upatanisho: machimbo haya yamefungwa (LI-YA), maji haya yanatuama (YA-YA), ua huu ujengwe (U-ZI).
• Tofautisha maneno haya: risasi (ya bunduki) na risasi (madini), ua (la mmea) na ua (wa kuzunguka mahali).
• Epuka maneno ya kupamba kama vile “kituo cha kisasa cha hali ya juu”. Taja mahali, kipimo na sababu.

7. ZOEZI

1. “Kamati inapendekeza kujengwe mkahawa mkubwa.” Eleza upungufu wa pendekezo hili, kisha uliandike upya ukitaja mahali, sababu na atakayeusimamia. (Alama 4)

2. Kwa nini ni muhimu kamati kuyazuru machimbo baada ya mvua? Toa sababu mbili. (Alama 2)

3. Geuza ziwe mapendekezo rasmi: (a) Tunataka mpande miti. (b) Msiruhusu watoto kuogelea. (Alama 2)

4. Kiwanda cha ngozi kilicho kando ya mto kimefungwa, na kaunti inataka kiwanja chake kiwe kituo cha vijana. Ukiwa katibu wa kamati ya uchunguzi, andika ripoti. (Alama 20)

Mwongozo

1. Pendekezo halitaji mahali, sababu wala msimamizi, na halitokani na matokeo yoyote. Kwa mfano: “Kibanda cha vyakula kijengwe karibu na uwanja wa kandanda, ambako watu hukusanyika kila jioni, na kiendeshwe na kikundi cha wanawake wa kata.”

2. Ili kuona maji yanakotuama na kina chake. Ili kuona kuta na njia zinazomomonyoka.

3. (a) Kamati inapendekeza miti ipandwe. (b) Kamati inapendekeza watoto wasiruhusiwe kuogelea.

4. Anza na ardhi: viwanda vingi vya ngozi hutumia kemikali zenye kromu, kwa hivyo udongo na maji ya mto lazima yapimwe. Kisha jiulize kuhusu mafuriko, majengo ya zamani yanayoweza kuhifadhiwa, wakazi wanaotumia mto, na mtunzaji wa kituo. Ukimaliza, soma mapendekezo yako moja moja na ujiulize: je, hili lingeweza kuandikwa kuhusu mahali pengine popote? Likiwa hivyo, liandike upya.